Yule kobe wa sura ya 3 katika The Grapes of Wrath: kweli ni "uvumilivu wa wakulima" na basi?

#1 MwlIgurusi
Wakuu, habari za jioni.

Kikundi chetu cha kusoma hapa Mbeya tumemaliza The Grapes of Wrath (yaani Zabibu za Ghadhabu) ya John Steinbeck, riwaya ya 1939 kuhusu akina Joad, wakulima wapangaji wa Oklahoma walioondolewa shambani wakaenda California kutafuta vibarua. Vijana wawili wa chuo walikuja na noti za masomo, na humo kobe wa sura ya 3 amepewa mstari mmoja: ni ishara ya uvumilivu wa wakulima. Nikawauliza, uvumilivu upi, unaonekana wapi? Wakanisomea mstari uleule.

Mimi nasema noti za namna hiyo zinamdhulumu msomaji. Someni sura yenyewe taratibu. Kobe anapanda tuta kwenda barabarani. Sisimizi mwekundu anaingia ndani ya gamba, anabanwa, anakufa. Suke la shayiri mwitu linanasa kwenye mguu wa mbele. Mama mmoja kwenye gari dogo anamwona, anakwepa mpaka anatoka nje ya barabara. Kisha linakuja lori dogo, na dereva wake anapinda makusudi amgonge. Kobe anarushwa, anaangukia mgongo, miguu juu. Anahangaika muda mrefu, mguu unapata jiwe, anajipindua. Hapo ndipo suke linadondoka, mbegu tatu zinachoma udongo, na gamba likipita linaburuta vumbi na kuzifukia.

Mwandishi hakumalizia kwa kobe kufika. Karibu na mwisho ameweka mbegu kufukiwa, kobe anaendelea na njia yake, na mwenyewe hajui kwamba amepanda. Kwangu hiyo ndiyo ishara: mtu aliyefukuzwa anabeba kitu asichokijua, na yule aliyetaka kumuua ndiye anayesababisha kiangukie mahali pa kuota. Uvumilivu upo, sikatai, lakini ni ngazi ya kwanza tu.

Mwenye maelezo mengine aje.

#2 BintiTukuyu
Mwalimu, umekatisha habari ya kobe mapema. Sura ya 4 Tom Joad, ambaye ametoka gerezani McAlester kwa msamaha wa masharti, anamwokota na kumfunga kwenye koti ampelekee mdogo wake. Mchungaji wa zamani, Jim Casy, anamwambia kobe hafugiki, siku ikifika ataondoka tu. Sura ya 6 wanafika nyumbani, wanakuta nyumba imesukumwa pembeni na hakuna mtu. Tom anamwachia kobe, na anashika uelekeo uleule wa kusini-magharibi aliokuwa nao tangu mwanzo.

Kobe alikuwa anaelekea huko kabla Tom hajajua kwamba ukoo wake unajiandaa kuhama. Kwa hiyo kwangu kobe ni njia. Mbegu ni nyongeza.

#3 KalengaJuu
Kamwene.

Nyote mnamtazama kobe, mie natazama madereva. Watu wawili, barabara moja, kiumbe kimoja kisicho na ubaya wowote. Mmoja anahatarisha gari lake amwokoe, mwingine anatoka kwenye njia yake amgonge, na hapati faida yoyote. Kitabu kizima ndicho hicho. Kila Joad wanapofika kuna wa aina ya kwanza na wa aina ya pili, na hawajui wanakutana na yupi. Kobe hapo ni kipimo tu cha kupimia watu.

#4 MlaNdondo
Nimeshakaa mkao wa kula. Endeleeni.

#5 DerevaTunduma
KalengaJuu, nimekaa kwenye usukani miaka mingi, Dar mpaka Tunduma, siwezi kukuachia hiyo ipite hivihivi. Hukusema waziwazi, lakini mtu akisoma posti yako ataondoka akidhani mwenye lori ndiye mtu mbaya.

Nenda sura ya 15, kile kihoteli cha kando ya barabara. Anaingia baba mmoja mhamiaji na vijana wake wawili, anaomba auziwe mkate wa senti kumi. Mhudumu, Mae, anaanza kwa kugoma. Baadaye watoto wanakodolea macho pipi za kwenye kabati, baba anauliza bei, naye anamwambia mbili kwa senti moja. Wakishatoka, madereva wawili wa malori waliokuwa wanakula pai wanamsuta: zile pipi ni senti tano kila moja! Kisha wanaondoka na kumwachia mezani hela nyingi kuliko deni lao. Hao ni madereva wa malori. Kwa hiyo mwandishi hakutugawa kwa magari.

Mimi nimeshabeba familia na magunia yao kutoka Igawa usiku wa baridi bila kudai kitu. Nawafahamu pia wanaopandisha nauli wakiona mtu ana mtoto mgongoni. Wote tuna leseni ileile.

Kuhusu kobe: anavuka Barabara ya 66, barabara ya wahamiaji wote. Hilo peke yake linatosha kuwa ishara.

#6 MzeeWaKumbukumbu
Masahihisho mawili kabla uzi haujaenda mbali.

Kwanza, kobe havuki 66. Akina Joad wanakaa karibu na Sallisaw, mashariki kabisa ya Oklahoma, jirani na mpaka wa Arkansas. Barabara ya 66 wanaikamata Oklahoma City wakishasafiri kutwa nzima.

Pili, na hili linapotoshwa sana, Sallisaw haikuwa kitovu cha ile balaa ya vumbi. Vumbi kubwa, likiwamo la Jumapili Nyeusi ya tarehe 14 Aprili 1935, lilipiga zaidi magharibi: ule mkono mwembamba wa Oklahoma, kaskazini mwa Texas, Kansas, na vipande vya Colorado na New Mexico. Huku mashariki watu wengi waliondoka kwa sababu nyingine. Pamba ilichosha udongo, bei ikaanguka, deni likawazidi, trekta likaja. Kuanzia 1933 serikali ya Marekani ikaanza kuwalipa wenye ardhi wapunguze eneo la kulima ili bei ipande, na mwenye ardhi akishalipwa asilime, mpangaji wa kazi gani tena? Akaambiwa aondoke.

#7 BintiTukuyu
Sasa mzee wangu, kama siyo vumbi, mbona sura ya 1 nzima ni vumbi? Vumbi mpaka kwenye mito ya kulalia.

#8 MwlIgurusi
Binti, hilo ndilo swali zuri kuliko yote mpaka sasa, na jibu langu ni kwamba vumbi limewekwa pale lituonyeshe nyuso.

Angalia sura ya 1 inavyoishia. Upepo umetulia, wanaume wamesimama kwenye uzio wanatazama mahindi yaliyokufa. Wanawake wanatoka nje, wanasimama kando yao, na wanachungulia nyuso za waume zao kwa siri. Mahindi yameshakwenda, hawayatazami. Wanatafuta kujua kama mwanaume amevunjika. Wanapoona uso umekaza, umeingia hasira, wanajua wamepona. Nenda sasa sura ya 29, karibu na mwisho, mafuriko yamejaa California. Wanawake walewale, wanachungulia nyuso zilezile, na hofu inageuka hasira. Kilichoanza kwa ukame kimefungwa kwa mvua, na katikati ni uso wa mwanaume unaosomwa na mkewe.

Jina la kitabu limetoka humo humo. Hasira hapa ndiyo inayomzuia mtu asivunjike.

#9 KatekistaMakete
Bwana asifiwe. Mwalimu, jina la kitabu limetoka kwenye wimbo wa Wamarekani wa wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, na wimbo umelitoa kwenye Ufunuo 14, zile zabibu zinazotupwa kwenye shinikizo la ghadhabu ya Mungu. Lakini kuna zabibu nyingine watu wanaisahau. Hesabu 13, wapelelezi wa Musa wanarudi kutoka Kanaani na kichala kimoja kinachobebwa na watu wawili mtini. Babu Joad naye kabla ya safari anaota hivyohivyo: akifika California atachuma zabibu azipondeponde usoni mpaka mchuzi uchuruzike kidevuni. Anakufa kwa kiharusi usiku wa kwanza wa safari, haioni hata moja.

Kwa hiyo zabibu ni ahadi kwanza, halafu sura ya 25 zinageuka ghadhabu. Ile sura ya machungwa yanayomwagiwa mafuta ya taa ili watu wasiyaokote, viazi vinatupwa mtoni na walinzi wanawekwa ukingoni. Tunda lilelile. Kilichobadilika ni nani ameruhusiwa kula.

Na Jim Casy, tazameni herufi za mwanzo za jina lake. Amekaa nyikani akitafakari, anajitoa akamatwe badala ya wengine, na akiuawa anawaambia wauaji hawajui wanachofanya. Kitabu hiki ni Kutoka kimeandikwa upya. Ndiyo maana kilipata tuzo ya Nobel.

#10 MzeeWaKumbukumbu
Katekista, ya Kutoka nakubali nusu. Ya tuzo, hapana. Kitabu kilipata tuzo ya Pulitzer ya huko Marekani mwaka 1940. Nobel alipewa mwandishi mwenyewe mwaka 1962, kwa kazi zake kwa jumla. Mwaka 1939 wilaya ya Kern, California, ambako sehemu ya hadithi inatokea, ilikipiga marufuku kwenye maktaba na shule zake. Kwao hakikuwa Biblia hata kidogo.

#11 MlaNdondo
MzeeWaKumbukumbu humu ndani hakuna anayepumua, kila mtu anakaguliwa kama lori kwenye mizani ya Mpemba kule Tunduma 😂

#12 AfisaMikopo_MF
Kobe ameshasemwa vya kutosha, mie nina jambo na sura ya 5. Nafanya kazi ya mikopo ya kilimo Mafinga, na sura hiyo imenikosesha usingizi.

Wenye ardhi wanakuja kuwaambia wapangaji waondoke. Wengine wanaonewa huruma na wenye ardhi wenyewe, wengine wanatendewa kikatili, lakini wote wanasema lugha moja: si mimi, ni benki. Benki ni zimwi. Linapumua faida, linakula riba, lisipokula linakufa. Limetengenezwa na watu, lakini watu hawaliwezi. Mtu mmoja na trekta anachukua nafasi ya familia kumi na mbili au kumi na nne, kwa hiyo zimwi linamtaka yeye.

Walimu wanafundisha kwamba zimwi ni ishara ya ubepari. Sawa. Lakini mie niliyekaa upande ule wa meza naona mwandishi anaonyesha kitu kingine: neno "zimwi" linamsaidia anayelitumia. Nikienda kwa mkulima wa mahindi ambaye mvua imemkata, nikamwambia "mfumo haukubali", nimejificha. Mfumo haujapanda pikipiki kwenda kijijini, nimepanda mimi. Dereva wa trekta kule ni kijana wa jirani, mtoto wa Joe Davis. Amevaa miwani na barakoa ya mpira puani, ananusa vumbi la mpira badala ya udongo. Mchana anazima injini, anakula mkate wake na kipande cha pai, watoto wa wapangaji wamemzunguka wanakodolea kila tonge. Anapokea dola tatu kwa siku, na ana watoto wake. Mpangaji anamwambia kwa ajili ya dola zako tatu watu karibu mia wanalala nje. Naye anajibu: nina wanangu.

Sijasoma jibu lenye ukweli mkali kama hilo. Siwezi kumhukumu, siwezi kumtetea.

#13 MwanaIsmani
AfisaMikopo, umesimama mahali ambapo mimi sikuweza kuendelea kusoma siku ile.

Mpangaji anasema nitakupiga risasi. Dereva anamwambia ukiniua mimi watakunyonga, na kabla hujanyongwa atakuja mwingine kwenye trekta. Basi nimpige nani? Msimamizi? Yeye anaagizwa na benki. Rais wa benki? Naye anaagizwa kutoka Mashariki. Mpaka mpangaji anabaki na bunduki isiyo na pa kuelekezwa.

Sisi tuliozaliwa Ismani tunalisoma hilo tofauti. Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alikwenda Ismani katika harakati za kilimo cha ujamaa, akapigwa risasi na mkulima Said Mwamwindi shambani kwake. Mwamwindi alijisalimisha polisi, akahukumiwa, akanyongwa. Pale bunduki ilipata mtu, na mtu yule alikuwa na familia, na mpigaji naye alikuwa na familia. Operesheni ya vijiji haikusimama. Miaka michache baadaye watu walihamishiwa vijijini nchi nzima.

Silinganishi ubepari wa Oklahoma na ujamaa wetu kana kwamba ni kitu kimoja, na wala simtetei yeyote. Nasema tu swali la "nimpige nani" ni swali lenye makaburi. Wanaolifundisha darasani kama mbinu ya kisanaa wangeshuka Ismani wakaona udongo wenyewe, uliolimwa mahindi kwa trekta mwaka hadi mwaka mpaka ukachoka, kama ile pamba aliyoisema MzeeWaKumbukumbu.

#14 DerevaTunduma
MwanaIsmani, pole sana. Hilo sikulijua kwa undani huo.

#15 KalengaJuu
Naunga mkono. Ila mie bado naona Ismani inathibitisha nilichosema namba 3: mtu anakutana na mtu, si na mfumo.

#16 MwanaIsmani
Hapana kaka. Inathibitisha kinyume chake. Mtu alikutana na mtu, mfumo ukapita kati yao na kuendelea na safari.

#17 JarubaMbarali
Nimekuja nimechelewa, tulikuwa kwenye maji. Wenye majaruba mnaelewa, zamu ya maji ikikukuta hujafungua umeumia.

Hakuna aliyesema habari ya Wahindi Wekundu, na ndiyo iliyonishika kuliko kobe. Sura hiyohiyo ya 5, wapangaji wanatoa hoja kwa nini ardhi ni yao: babu aliichukua, ilibidi awaue Wahindi na kuwafukuza. Baba alizaliwa hapa, akaua magugu na nyoka. Sisi tumezaliwa hapa. Kuzaliwa juu yake, kuilima, kufa juu yake, ndiko kunaifanya iwe yetu. Wanayasema hayo kwa machozi, na msomaji analia nao, halafu unarudi nyuma kwenye ile sentensi ya kwanza na kujiuliza: ina maana waliofukuzwa nao walifukuza?

Na Sallisaw ni nchi ya Wacherokee, ambao nao waliletwa pale kwa nguvu miaka ya 1838 na 1839 kutoka kwao mashariki, na wengi wakafia njiani. Oklahoma imekuwa jimbo mwaka 1907 tu. Babu Joad ni mgeni wa jana.

Nawaletea Usangu. Ukikaa kijiweni Rujewa utasikia kila mtu ni mwenyeji. Msangu anakuambia ardhi ni ya mababu zake. Wamejaa wakulima waliotoka Unyakyusa, Ubena na Uhehe kufuata mpunga. Msukuma, Mmasai na Mbarbaig wameingia na ng'ombe kwa miongo kadhaa, watoto wao wamezaliwa hapa. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa Ihefu, hoja ikiwa kuokoa maji ya Ruaha Mkuu, mto ambao tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka kiangazi. Mwaka 2008 mpaka wa Hifadhi ya Ruaha ukapanuliwa ukaingiza Usangu. Wapo waliosema tatizo ni ng'ombe, wapo waliosema tatizo ni sisi wa majaruba huku juu, na kila upande una mahesabu yake.

Niliwaona wakipita na ng'ombe wao kuelekea kusini, Lindi na kwingineko. Baadhi yetu tulishangilia, kwa sababu ng'ombe walikuwa wamekula mpunga wetu. Nilipokuja kusoma namna wenyeji wa California wanavyowaita Waokie, yaani wahamiaji wa kutoka Oklahoma, wachafu, wezi, wanaleta magonjwa, nilijua nimeyasikia maneno hayo wapi. Kwa hiyo ishara kubwa ya kitabu kwangu ni ule uzio wa mahali pa kulala unaohamishwahamishwa. Leo uko ndani yake, kesho uko nje.

#18 BintiTukuyu
JarubaMbarali, ndaga fijo kwa hili. Nitarudi kuisoma tena ile sura.

Ila "uzio unaohamishwahamishwa" uko sura ipi? Sijauona.

#19 JarubaMbarali
Sura ya 17, Binti. Kila usiku magari yanakusanyika kando ya maji, familia ishirini zinakuwa familia moja, sheria zinatungwa, nani asogelee hema la nani. Asubuhi kijiji kinavunjwa, jioni kinajengwa kingine mbele. Uzio wa waya hamna, ni mipaka ya heshima.

#20 MamaNjombe
Salaam wanangu. Mjukuu amenisomea uzi huu wote.

Mjukuu ananiambia kwenye kitabu hicho Wamarekani walipewa vipeperushi vya kuitwa California kwenye vibarua. Kwetu Ubena hatukuhitaji karatasi, mwajiri alituma watu. Kaka yake baba yangu alikwenda mkonge Tanga zamani za mkoloni, manamba. Walibebwa wengi, wakapewa kipande cha siku thelathini za kazi, na siku isiyokamilishwa haikuandikwa. Alituambia wakifika walikuta wengine wameshajaa, na ujira umekaa chini kwa sababu hiyo. Alirudi na blanketi na kikohozi.

Sasa mjukuu amenieleza pia kwamba kwenye kitabu chenu kuna mtu mwenye nguo zilizochakaa, aliyewaambia wenzake ukweli kuhusu vipeperushi hivyo. Huyo anaongea kama baba mkubwa.

#21 MwlIgurusi
Shikamoo mama. Huyo ni sura ya 16. Amerudi kutoka California, watoto wake wawili wamekufa kwa njaa. Anawapigia mahesabu: mwenye shamba anataka watu 800, anachapa vipeperushi 5,000, vinasomwa na labda watu 20,000. Wakija elfu mbili tatu wana njaa, wanagombania nafasi 800, ujira unashuka wenyewe. Hakuna anayetaka kumsikia. Na akina Joad wanakuja kuyaona: kwenye mapichi wanalipwa senti tano kwa sanduku kwa sababu kuna mgomo nje ya geti, mgomo ukivunjwa ni senti mbili na nusu.

#22 MlaNdondo
Hapo sasa na mimi nina la kusema. Tunaolima viazi mviringo Njombe na Makete, mbona hamjagusa mizani? Sura ya 27, pamba. Mwenye shamba ameichezea mizani, mchumaji naye anatia mawe kwenye mfuko. Kila mmoja anajua mwenzake anaiba. Sisi ni lumbesa. Mnunuzi anakuja shambani, gunia linajazwa mpaka linashonewa kilemba juu, bei ni ya gunia moja, na ukikataa analiacha tuta linaloza anaenda kwa jirani. Sheria ya vipimo ipo, lakini mnunuzi ana gari na mimi nina viazi vinavyochipua.

Mkitaka ishara, chukueni mizani. Kobe mwachieni Mwalimu 😂

#23 MzeeWaKumbukumbu
MlaNdondo, leo umeongea. Sina la kusahihisha.

#24 MlaNdondo
Naomba admin aibandike hiyo posti juu kabisa.

#25 KatekistaMakete
Turudi kwenye maandiko. Hamjafika mwisho wa kitabu, na mwisho ndio wenye vita. Rose of Sharon, binti wa Joad, mumewe amemtoroka, anajifungua mtoto mfu kwenye behewa lililozungukwa na mafuriko. Baba mkubwa John anakiweka kichanga kwenye kasha la matofaa na kukiachia kwenye maji kiende kikawaambie watu mjini. Huyo ni Musa aliyegeuzwa: Musa wa kwanza aliokolewa mtoni aje awakomboe, huyu ametumwa akiwa maiti awe ushahidi. Kisha wanakimbilia ghalani, wanamkuta mzee anakufa kwa njaa, na binti anamnyonyesha. Mwili wangu, damu yangu. Ni meza ya Bwana, siwezi kuisoma vingine.

#26 KalengaJuu
Mimi mwisho huo niliuona umelazimishwa. Mwandishi alitaka picha kubwa, akamtumia yule binti. Amekuwa mtu wa kujililia kurasa zote, ghafla anakuwa mtakatifu?

#27 MkungaMafinga
Nimekuwa msomaji kimya humu, ila hapo nimeguswa kwenye kazi yangu.

Kaka Kalenga, hakuna kilicholazimishwa. Mama akishajifungua na kondo la nyuma likatoka, mwili unaanza kushusha maziwa, kwa kawaida siku ya pili mpaka ya nne. Mwili haujui kama mtoto yuko hai. Tunawahudumia akina mama hawa wodini: matiti yamejaa, yamekuwa magumu, yana moto, maziwa yanalowanisha gauni, na mtoto hayupo. Ni maumivu ambayo mume mara nyingi hayaelewi, na hata ndugu wanadhani kulia kumekwisha.

Sasa soma tena. Mzee yule hajala siku sita, alikuwa anampa mwanawe chakula chote. Kijana aliiba mkate akampa, akatapika. Anawaambia wazi baba anahitaji supu au maziwa. Tumbo lililokaa siku sita halipokei mkate. Ma, yaani mama wa akina Joad, anatazamana na binti yake, hawaongei, wanaelewana, kwa sababu Ma amezaa mara nyingi na anajua kifua cha binti yake kina nini muda huo. Hayo ni mambo ya wanawake wawili wanaojua hali halisi ya mwili. Utakatifu mtauongeza ninyi.

Na kuhusu "kujililia": binti amekuwa na njaa mimba nzima, amehofia kila siku kwamba mtoto ataharibika. Alikuwa sahihi.

#28 BintiTukuyu
Dada umenifunga mdomo. Na mimi nilikuwa nimeandaa hoja kwamba Ma ndiye ishara ya nchi. Ile siku anachoma kisanduku chake cha barua na picha jikoni peke yake, anabakiza vito vidogo tu, hakuna anayemwona. Halafu akishika wenzo wa jeki sura ya 16, baba mwenye nyumba ananyamaza na uongozi unahama hapohapo.

#29 KatekistaMakete
MkungaMafinga, nakushukuru, lakini maelezo ya mwili hayafuti maana ya roho. Mkate wa Bwana nao ni unga.

#30 DerevaTunduma
Katekista na Mkunga mnaweza kubishana mpaka Kyela na mkawa mnasema kitu kimoja.

#31 MkungaMafinga
Hatusemi kitu kimoja. Katekista anaanza na meza ya Bwana akamtafuta mwanamke wa kuiweka, mimi naanza na mwanamke.

Kuna uzazi mwingine ambao hakuna aliyeutaja. Noah, mtoto wa kwanza. Baba yake alikuwa peke yake na mkewe usiku ule, mkunga hajafika, akaogopa, akamvuta mtoto kwa mikono na kumpinda. Mkunga alipofika alimkuta kichwa kimevutika na mwili umepotoka, akamnyoosha. Noah akakua taratibu, ametulia, haoni hasira, na baba amebeba aibu hiyo maisha yake yote. Kitabu kina uzazi wa namna hiyo mara mbili, mwanzo na mwisho, zote bila msaada unaostahili. Nadhani Noah anaondoka pale mto Colorado kwa sababu tangu kuzaliwa hakuwahi kupokelewa vizuri.

#32 KalengaJuu
Dada, kwenye maziwa nimekuelewa. Kwa Noah sikubaliani. Yeye mwenyewe anamweleza Tom pale mtoni: watu wa nyumbani wananitendea mema, lakini hawanijali kwa kweli. Huyo si mtu aliyeharibiwa na uzazi, ni mtu anayeona sawasawa kuliko wote. Amepata maji na samaki, kaacha California na zabibu zake. Soma tena sura ya 18 halafu uje, nipo.